Kura Ifiayo Mpakani

Wilaya ya Kilosa, ambayo kwa sensa ya 2012 ilihesabiwa kuwa na watu 438,175, ina halmashauri moja na mwenyekiti mmoja, lakini kwa mambo ya Bunge imegawanywa majimbo mawili, la Kilosa na la Mikumi. Na katika uchaguzi wa Oktoba 25, 2015, majirani hawa wanaouziana mahindi na kuozeshana watoto walitoa hukumu mbili mbalimbali, kwani Kilosa ilimpeleka bungeni Mbaraka Bawazir wa CCM, ilhali Mikumi ilimpeleka Joseph Haule wa CHADEMA, ambaye vijana wamemzoea kwa jina la Profesa Jay. Hitilafu hiyo yatufaa sana tukitaka kuielewa kasoro ya uchaguzi wa rais usio wa moja kwa moja, yaani ule ambao raia humchagua mjumbe, na mjumbe ndiye amchaguaye rais kwa niaba yake.

Na tukadirie, kwa ajili ya hoja tu, kwamba siku ile Katiba yetu ingalikuwa imeagiza kila jimbo liwe na sauti moja katika kumchagua rais, na sauti hiyo imfuate mshindi wa jimbo. Sauti ya Mikumi ingalikwenda upande mmoja, ya Kilosa upande wa pili, zikabatilishana. Mwana-CCM wa Kidodi, jimboni Mikumi, aliyeamka alfajiri akapanga foleni asingalisikika popote, na mfuasi wa upinzani wa Kimamba, jimboni Kilosa, kule kwenye mashamba ya mkonge, akijua kwamba jimbo lake limeshaelemea upande mwingine, asingalikuwa na sababu ya kutoka nyumbani. Alhamdulillahi, haikuwa hivyo: karatasi zote mbili zilijumlishwa katika hesabu moja ya taifa, ambamo John Magufuli alipata kura 8,882,935 na Edward Lowassa 6,072,848. Aliyeshindwa kwa hesabu kama hiyo hunung'unika, lakini hawezi kusema kwamba kura yake ilifia mpakani mwa jimbo.

Wanaodhani kwamba haya ni matatizo ya Wamarekani peke yao, ambao mwaka 2000 na tena 2016 walimwapisha rais aliyepitwa kwa kura za wananchi, na waikumbuke Zanzibar. Mkuu wa serikali huko alipatikana kwa wingi wa viti, na Julai 1963 viti vilivyogombewa vilikuwa 31. Afro-Shirazi Party (ASP) ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini ikaambulia viti 13. Chama cha ZNP kilipata 12 na cha ZPPP 6, na kwa kuwa vyama hivyo viwili vilikuwa na mwafaka, Mohamed Shamte akaendelea kuwa Waziri Mkuu. Hapakuwa na muujiza wowote: ASP ilirundika maelfu ya kura za ziada katika majimbo ya Unguja ambayo ingaliyashinda hata kwa nusu yake, na kule Pemba, ambako wafuasi wake hawakuwa haba, wakapitwa jimbo baada ya jimbo. Uhuru ulipatikana Desemba 10, na Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi. Hakuna mwanahistoria mwaminifu atakayesema kwamba hesabu ya viti peke yake ndiyo iliyoyaleta, maana yalikuwapo ya ardhi, ya nasaba na ya riziki; ila serikali iliyokosa wingi wa kura ilianza safari ikiwa na upungufu wa uhalali.

Kasoro ya pili ni ya mizani. Sensa ya 2022 iliwakuta Tanzania Bara watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Kwa majimbo ya 2025, Bara ina 222 na Zanzibar 50, hivyo jimbo moja la Bara huwabeba kwa wastani watu wapatao 270,000, na la Zanzibar wasiotimia 38,000. Zipo sababu za Muungano za kuipa Zanzibar viti hivyo bungeni, nami sizipingi. Lakini lau wabunge ndio wangemchagua rais, sauti ya mkazi wa Mikumi ingekuwa sehemu moja ya saba ya ile ya ndugu yake wa Micheweni, Zanzibar.

Tena uchaguzi wa namna hii tunao hadi leo, karibu kuliko tunavyodhani. Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa hachaguliwi na mkulima wa Rudewa wala mama muuza vitunguu kando ya barabara kuu pale Mikumi. Madiwani huketi ukumbini, wakakunja karatasi zao, na jioni wilaya yote ikaambiwa jina. Wapiga kura wakiwa makumi tu, kila mmoja hufahamika kwa jina na kwa haja zake, na mwenye tamaa ya cheo hujua mlango wa kubisha. Fauka ya hayo, mzozo huhama kutoka sera hadi orodha: Dar es Salaam uchaguzi wa Meya wa Jiji uliahirishwa mara kadhaa, watu wakibishania nani ana haki ya kuingia ukumbini, hata Isaya Mwita akachaguliwa Machi 22, 2016.

Watetezi wa wajumbe husema kwamba bila wao mikoa midogo itasahauliwa. Hoja hiyo si ya kubezwa, lakini Kenya imeijibu kwa Katiba ya 2010: rais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, bila ya wakala yeyote kusimama katikati.

Sisi nasi tulikuwa na sharti la zaidi ya nusu, likaondolewa kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, na tangu hapo anayewapita wenziwe, hata akiwa na theluthi moja tu ya kura, huapishwa. Siku Katiba itakapofunguliwa tena, sharti hilo lirudishwe, na wananchi wa Kilosa na Mikumi wapewe haki ya kumchagua mwenyekiti wa halmashauri yao kwa kura zao wenyewe.