Neno la Nyumbani
Juzi tulipita Karavia, hapa Lubumbashi, tukamsikia mama akiwaita wanawe waje kula bukari na sombe. Mara moyo ulirudi nyumbani, tena ukaenda seminarini, ambako tulikatazwa maneno hayo, tukafundishwa kusema ugali na kisamvu. Lakini usiku, taa zikisha kuzimwa, tuliyanong'ona kwa furaha, pamoja na Kindubile, msemo wa vijana wa mjini.

Mji huu ulianza mwaka 1910. Wachimba shaba walitoka Kasai, Rwanda na nchi iitwayo leo Zambia, na lugha zao zikaingia katika Kiswahili chetu.

Basi, enyi wanafunzi, shikeni sana Kiswahili sanifu. Lakini msimwonee haya mama kwa usemi wake. Ndio uliowalea.