Mtoto wa mbwa mwenye miguu iliyovimba tangu azaliwe: usikimbilie kutumbua

Kijana mmoja anayezalisha mbwa wa ulinzi alinipigia simu: "Shikamoo bwana mifugo. Nina mtoto wa wiki sita, miguu ya nyuma imevimba kama magogo. Nitumbue?" Nikamwambia acha kwanza, nakuja.

Nilibonyeza uvimbe kwa kidole gumba. Shimo likabaki, likachelewa kurudi. Mbwa hakulia, na mguu haukuwa wa moto. Jipu huuma na huwa la moto. Halafu uvimbe ulianza siku za mwanzo, miguu yote miwili. Hapo nikashuku kasoro ya kuzaliwa nayo ya mishipa ya limfu.

Mishipa hiyo hurudisha kwenye damu maji yanayovuja kwenye nyama za mwili. Ikiwa michache, myembamba au haipo, maji yenye protini hubaki mguuni.

Lakini usihitimishe kwa macho tu. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo aangalie kwanza maambukizi, jeraha, moyo, figo, ini na upungufu wa protini. Pia hupapasa tezi ya nyuma ya goti. Kwa mbwa wa aina hii inaweza isipatikane. Kipimo cha uhakika zaidi ni picha ya eksirei baada ya kuingiza dawa ya rangi kwenye mishipa hiyo.

Dawa ya kuponya kabisa hakuna. Kinachofanyika:

- Bandeji ya kubana kiasi, kuanzia vidoleni kwenda juu. Daktari akuonyeshe, maana ikibana sana inaua mguu.
- Kukanda taratibu kuelekea juu.
- Banda kavu na safi. Mguu ukiwa wa moto au ukiuma, wahi kwa daktari. Huenda ni maambukizi.
- Dawa za kukojosha usinunue kiholela. Zinapunguza maji, protini inabaki, uvimbe unarudi.

Wenye uvimbe mdogo huweza kuishi vizuri, wengine hupungua wakikua. Waliovimba mwili mzima mara nyingi hufa mapema.

Sasa biashara. Kasoro hii inaweza kurithiwa. Kijana wangu alikuwa ameshapokea malipo ya awali ya uzao unaofuata, jike lile lile na dume lile lile. Nikamshauri asirudie kuwapandisha, na huyo mtoto asizalishwe wala asiuzwe kwa kuficha. Ilimuuma, lakini alirudisha hela za watu. Mteja akidanganywa mara moja, harudi, na wenzake hawaji.