Hadhari ya Kompyuta Iliyosakinishwa Upya: Nasaha kwa Lodwar na Kakuma

Tangu Lodwar iwe makao makuu ya Kaunti ya Turkana mwaka 2013, na tangu Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea wakimbizi wa vita vya Sudan, ikue ikawa mji wenye soko, shule na maduka ya kila namna, kompyuta imeacha kuwa kitu cha fahari ikawa chombo cha riziki: kwayo mkazi huomba kazi, mwanafunzi hujisajili chuoni, mfanyabiashara huwasilisha hesabu zake za kodi, na kijana wa kambini hufanya vibarua vya waajiri asioonana nao maishani. Kompyuta hizo aghalabu si mpya kwa maana ya dukani. Nyingi zimekwisha kutumika kwingine, zikaja kwa lori kupitia Kitale au zikatolewa na wahisani, na zikifika fundi huzifuta, akazisakinishia Windows upya, kisha akamkabidhi mwenyewe, ambaye jambo lake la kwanza ni kufungua mtandao. Saa hiyo, anayoidhani kuwa ya amani kamili kwa kuwa kila kitu kimefutwa, ndiyo saa ambayo chombo chake ni dhaifu kuliko wakati mwingine wowote.

Sababu yake ni kwamba nakala iliyomo katika diski au flashi ya fundi ina umri wa siku ile ilipotengenezwa. Kasoro zote zilizogunduliwa baadaye, hata zile ambazo watengenezaji wamekwisha kuzitolea masahihisho, ndani yake zingali wazi. Na wahalifu wanazijua vyema, maana masahihisho yenyewe, yakishatangazwa, huwaonyesha palipokuwa na upungufu. Hivyo kompyuta huhitaji mtandao ili ipate kinga, ilhali ni mtandao huo huo unaoweza kuileta hatari kabla kinga haijawasili.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 16 Julai 2003 kampuni ya Microsoft ilitoa masahihisho ya kasoro moja ya Windows, na tarehe 11 Agosti kirusi kiitwacho Blaster kikaanza kuzivamia kompyuta zilizokuwa hazijayapata. Mwaka uliofuata, masahihisho mengine yakatolewa tarehe 13 Aprili, na kabla mwezi mmoja haujapita Sasser, kazi ya kijana mmoja wa Ujerumani, kikawa kimeenea duniani. Virusi hivi havikungoja mtu afungue barua wala abonyeze chochote. Ilitosha kompyuta kuwa mtandaoni. Taasisi ya SANS ya Marekani ilikadiria mwaka 2004 kwamba Windows isiyo na kinga ingedumu mtandaoni kiasi cha dakika 20 tu kabla ya kushambuliwa, ilhali kupakua masahihisho yake kulichukua muda mrefu zaidi. Nchini Kenya, ambako nyaya za baharini hazikufika Mombasa hadi mwaka 2009, furushi la masahihisho la Windows XP la Agosti 2004, lenye kiasi cha megabaiti 270, lingemchukua mwenye laini ya simu zaidi ya saa kumi.

Furushi hilo ndilo lililoiwasha faiwoli, yaani mlinzi wa ndani anayewakatalia wageni wasioalikwa, bila ya kungoja mwenye kompyuta aiwashe mwenyewe. Na tangu hapo, kwa msaada wa vifaa vya kugawa mtandao vinavyosimama kati ya kompyuta na ulimwengu, uvamizi wa namna ile umepungua sana. Lakini kupungua si kwisha. WannaCry, kilichozuka tarehe 12 Mei 2017 kikaenea katika nchi zaidi ya 150, kilipitia kasoro iliyokuwa imesahihishwa tangu tarehe 14 Machi, na kilipoingia katika ofisi moja kiliruka kutoka kompyuta hadi jirani yake. Kwa sababu hiyo, mtandao wa ndani wa saiba au wa darasa, ambamo kompyuta nyingi zimeunganishwa, si mahali pa kuipeleka kompyuta siku yake ya kwanza.

Ama katika Turkana, ambako bando ni ghali na faili nyingi husafiri mfukoni, flashi yahitaji kuangaliwa kuliko yote. Conficker, kilichoonekana Novemba 2008, kilijifunza baada ya muda mfupi kusafiri kwa flashi, kikazifikia hata kompyuta ambazo hazikuwahi kuguswa na mtandao. Mfugaji wa Turkana, ambaye aliiona sotoka ya mbuzi na kondoo ya mwaka 2006, hahitaji kufundishwa kwamba mbuzi wa sokoni hachanganywi na kundi siku ile ile. Na flashi ngeni yastahili hadhari iyo hiyo. Fauka ya hayo, nakala za Windows za wizi huja pengine na masasisho yaliyozimwa makusudi, au na kirusi ndani yake tayari, hata mwenyewe akawa ameambukizwa na yule yule aliyemlipa.

Basi utaratibu ulio salama ni huu. Nakala ya Windows ipakuliwe kutoka kwa Microsoft wenyewe, katika kompyuta iliyo safi, na iwe ya karibuni, kwa maana kadiri inavyokuwa changa ndivyo upungufu wake unavyokuwa mchache. Ikisakinishwa, mtandao uwe umefungwa. Na ikiwa ni Windows 11 ya nyumbani, ambayo hudai mtandao ili ikamilike, itumie simu ya mwenyewe, pasiwe na kompyuta nyingine iliyoungana na simu hiyo. Kabla ya kuingia tovuti yoyote, mwenyewe ahakikishe kwamba faiwoli na Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe, zimewashwa. Ajifungulie akaunti ya kawaida ya kazi za kila siku, ile ya msimamizi aiweke kwa haja maalumu. Kisha aagize masasisho na kuwasha upya mara kwa mara, hadi Windows iseme hakuna yaliyosalia. Faili za zamani na flashi za marafiki zingoje hadi hapo, na hata hapo zikaguliwe kwanza.

Najua jibu litakalotolewa: bando. Wengi huuweka mtandao wao katika hali ya kubana matumizi, na Windows, ikitii amri hiyo, huacha kupakua masasisho mengi kwa miezi. Penye kompyuta kadhaa dawa ipo: Windows 10 na 11 zinaweza kuagizwa zigawane masasisho ndani ya mtandao mmoja, ili sehemu kubwa ya furushi ipakuliwe mara moja na kuwafaa wote, tena fundi aweza kuyapakua mjini na kuyabeba katika flashi aliyoitenga kwa kazi hiyo tu.

Limebaki neno kwa wahisani. Muda wa kawaida wa masasisho ya Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11. Anayezigawa bila ya kuwasajili wapokeaji katika muda wa ziada wa masasisho hayo, au bila ya kuzisakinishia Linux, ambayo haina ada na bado husasishwa, amewapa zawadi yenye deni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka kila atunzaye habari za watu azilinde, na katika Kakuma habari hizo ni majina na hatima za wakimbizi. Pasiwe, basi, na shule, ofisi wala saiba inayopokea kompyuta kabla ya kumwuliza fundi imesasishwa lini, na pasiwe na fundi anayelipwa kabla ya kulijibu swali hilo.