Sauti Inayofaa Delta ya Rufiji

Daraja la Mkapa lina urefu wa mita 970. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hulivuka kwa sekunde 44 hivi, na likishavuka limeuacha nyuma mto unaokusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kabla ya mwaka 2003 mambo hayakuwa hivyo. Msafiri wa Lindi na Mtwara alisubiri pantoni pale Ndundu, na mvua zikizidi alisubiri mpaka mto uamue. Katika kusubiri huko aliujua Rufiji: rangi ya maji yake, samaki wake, upande wanakoota jua mamba, na habari za wanaolima mpunga bondeni na kulala kwenye madungu ili kulinda shamba dhidi ya nguruwe na viboko. Daraja lilituondolea adha kubwa, na hakuna anayeililia pantoni. Lakini lilipoondoa foleni liliondoa pia wasimulizi waliokuwa kwenye foleni, na mahali pao hapajajazwa na mtu wala kitu mpaka leo.

Mbali sana na hapa, katika majangwa ya Utah na Arizona nchini Marekani, tatizo la namna hiyo limepatiwa dawa. Mgeni anayekwenda Arches, Zion au Grand Canyon kwa gari lake hupakua simulizi kwenye simu kabla ya kuondoka hotelini. Njiani simu hupokea mawimbi ya setilaiti, hujua gari limefika wapi, na kila likikanyaga mahali palipowekewa alama, sauti huanza kusema: tazama mkono wa kushoto, mwamba ule mwekundu ulikuwa mchanga wa jangwa zamani za kale. Kampuni kama GuideAlong na Shaka Guide zimejenga biashara nzima juu ya jambo hilo. Wengi wetu tunaamini kuwa simu isiyo na mtandao ni kipofu, na hapo tunakosea. Kujua mahali ilipo hakuhitaji bando wala mnara. Kinachohitaji bando ni kupakua, na hilo hufanyika mara moja, mjini. Teknolojia hii imefanikiwa majangwani ambako minara ni michache, na kwa hiyo sehemu za delta ambako mtandao hukatika haziwezi kuwa kikwazo chake.

Hoja yangu ni kwamba chombo hiki kilichokuzwa jangwani kinaifaa delta ya Rufiji kuliko kinavyolifaa jangwa lenyewe. Korongo hujieleza. Anayesimama ukingoni mwa Grand Canyon huona matabaka ya miamba yamepangana kama kurasa, na hata asipoambiwa neno ataondoka akijua ameona jambo kubwa. Delta haina tabia hiyo. Anayeingia kwa boti kutoka Nyamisati kuelekea vijito vya Salale huona maji ya rangi ya chai ya maziwa, ukuta wa kijani kulia, ukuta wa kijani kushoto, kisha kona, kisha kuta zile zile. Kila kilicho na uzito hapo kimefunikwa na tope, maji au majani. Jicho likishindwa kiasi hicho, sikio ndilo lililobaki.

Chukua kisa ambacho kimeifanya Salale ijulikane katika vitabu vya vita vya Ulaya. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikatoweka. Waingereza waliitafuta pwani nzima kwa wiki kadhaa. Walichokipata kwanza kilikuwa karatasi: katika meli moja ya Kijerumani huko Lindi walikuta hati za shehena ya makaa ya mawe, na hati hizo zilitaja Salale. Mwisho wa Oktoba waliiona milingoti yake juu ya mikoko. Hata hapo hawakuweza kuifikia, maana meli zao kubwa zilihitaji kina kisichokuwepo milangoni. Wakaleta ndege, wakaifanya Mafia kituo chao baada ya kuiteka Januari 1915, kisha wakazivuta kutoka Malta manowari mbili fupi za kina kidogo, Severn na Mersey, ambazo awali zilijengwa kwa ajili ya Brazil zikafanye kazi katika mto Amazon.

Mapigano yenyewe ndiyo yanayonishawishi zaidi. Julai 6 na tena Julai 11, 1915, wapiga mizinga wa Severn na Mersey walikuwa wakifyatua kwenye shabaha wasiyoiona, kwa sababu msitu ulisimama katikati. Aliyeona ni rubani aliyekuwa juu na mwenzake mtazamaji, ambao walituma kwa redio habari za kila kombora lilipoangukia: umezidi, umepungukiwa, sogea kushoto. Siku ya pili ndege ile ilipigwa, na hata ilipokuwa ikishuka mtazamaji aliendelea kutuma masahihisho. Königsberg ikaisha hivyo. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika maji haya haya, watu waliokwishatambua kwamba delta haionekani kwa macho walitegemea ishara kutoka juu kuwaambia walipo na kilicho mbele yao. Simu inayosikiliza setilaiti na kumwambia msafiri yaliyofichwa nyuma ya mkoko inafanya kazi ile ile, safari hii kwa amani.

Na meli yenyewe iko wapi? Mabaki yake yalikatwakatwa na watafuta chuma kwa miaka mingi, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 yaliyosalia yalizama topeni. Mizinga yake kumi ilitolewa mapema, ikawekewa magurudumu na kupigana vita vya nchi kavu. Mmoja uko Ngome ya Yesu, Mombasa, mwingine Pretoria. Kwa hiyo mwenye kutaka kugusa chuma cha Königsberg aende Kenya au Afrika Kusini, lakini mwenye kutaka kuelewa kwa nini iliweza kujificha miezi minane lazima aje hapa, asikie maelezo akiwa ndani ya vijito vyenyewe.

Hapa ndipo swali la nani asimulie linapoingia, na kwangu ndilo kubwa kuliko la mitambo. Kisa cha Königsberg kimesimuliwa mara nyingi na wageni, katika kumbukumbu za maofisa na hata katika riwaya ya Wilbur Smith ya mwaka 1968, Shout at the Devil. Katika masimulizi hayo mwenyeji hupita kama kivuli. Lakini meli ilipoharibika, vipuri vya mitambo yake vilikokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa, na baadaye mizinga nayo ikavutwa njia hiyo, yote kwa mikono na mabega ya mamia ya Waafrika. Leo abiria wa barabara ya Kilwa hupita uelekeo huo huo kwenye lami, kiyoyozi kikipuliza, bila kuambiwa. Sauti ikiandikwa na mtu aliyesoma vitabu vya manowari peke yake, itasema mizinga iliondolewa. Ikiandikwa na mtu wa Kibiti, itauliza iliondolewa na nani.

Mtu huyo wa Kibiti atakuwa na mengi zaidi ya vita. Ukuta ule wa kijani ambao mgeni huuona mmoja, wenyeji huuita kwa majina: mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana unaokaa mbele kabisa ukitazama bahari, mkomafi, msikundazi. Delta hii ina hekta zipatazo 53,000 za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya nchi, na Wajerumani walianza kuihesabu kama hifadhi tangu mwaka 1898. Boriti zilizotoka humu zilibeba dari za Zanzibar na kusafiri kwa majahazi hadi Omani na Ghuba. Upana wa vyumba vya nyumba kongwe za mawe pwani yote ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana ni vyembamba. Msafiri aliyewahi kulala kwenye chumba cha namna hiyo Mji Mkongwe angesisimka akiambiwa, huku boti ikipita, kwamba vipimo vya chumba kile viliamuliwa kwenye tope hili. Angeambiwa pia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwepo mpango wa kugeuza maelfu ya hekta za delta kuwa mabwawa ya kufugia kamba, na kwamba wanakijiji waliupinga hadi mahakamani, na mabwawa hayakuchimbwa.

Wapo watakaosema mwongozo wa simu unaua ajira ya waongozaji vijana. Hofu hiyo ina msingi huko Utah, ambako lami inamfikisha mgeni mpaka miguuni mwa mwamba na simu inaweza kuchukua nafasi ya mtu. Huku njia inagawanyika. Tawi moja linashika lami kupitia Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri hadi darajani na Mohoro, na humo sauti itafanya kazi peke yake, kwa kuwa hakuna mwongozaji anayepanda basi la Lindi. Tawi la pili linaacha lami Bungu, linashuka Nyamisati na kuingia majini, na majini hakuna asiyehitaji nahodha. Sauti humtengenezea nahodha abiria ambaye bila hiyo angepita moja kwa moja kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia.

Pingamizi la wanaoijua delta ni zito zaidi: alama ya setilaiti imetulia, maji hayajatulia. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu hadi nne, na kijito kilichokuwa barabara asubuhi huwa uwanja wa tope na kaa jioni. Fungu la mchanga huhama, mlango huziba, mwingine hufunguka. Katika miongo ya karibuni sehemu kubwa ya maji baridi imehamia upande wa kaskazini wa delta na kuleta mashamba ya mpunga palipokuwa na mikoko. Majangwani simulizi moja huweza kudumu miaka kumi. Hapa kila kituo kingehitaji simulizi mbili, moja ya maji kujaa na nyingine ya kupwa, na nahodha apewe mamlaka ya kuchagua. Simulizi zote zikaguliwe upya kila baada ya masika na watu wanaovua humo. Kazi hiyo ina gharama, nakubali. Lakini gharama hiyo ni malipo kwa wenyeji kwa ujuzi wao, na sioni kwa nini iitwe hasara.

Kuhusu usalama wa dereva, jibu ni fupi: sauti haihitaji macho, na mtunzi mwenye busara hataweka simulizi nzito kwenye kona wala kwenye vijiji vyenye kibao cha 50. Daraja la sekunde 44 lianze kusimuliwa kilomita mbili kabla. Na wanaodai kwamba watu wetu hawana mazoea ya kujifunza kwa sikio wamesahau kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo.

Lipo moja ambalo waandaaji watashawishika kulikwepa. Njia hii ina maumivu. Mohoro ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa vinaanza. Kati ya 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa Kibiti na jirani zake, wakiwemo polisi wanane kwa siku moja Aprili 2017, na Novemba ya mwaka huo mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alitoweka. Juu ya mto, korongo lililoitwa Stiegler sasa limeziba kwa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022, na mbolea ya tope iliyokuwa ikishuka hadi kwenye mpunga na mikoko sasa ina kizuizi njiani. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Watalii hawapendi huzuni, tutaambiwa. Lakini msikilizaji mkuu wa sauti hii atakuwa Mtanzania aliye kwenye basi, na huyo amekwisha kusikia jina la Kibiti likinong'onwa. Akisikia sauti inayosifu machweo na kunyamaza juu ya mengine, hataiamini hata inapomtajia mchu na mlilana.

Kazi inaweza kuanza kidogo. Vituo ishirini vinatosha: kumi na viwili barabarani, vinane majini, vyote kwa Kiswahili kwanza, na sauti za wazee wa delta zisikike zenyewe badala ya kusomwa na mtangazaji wa mjini. Halmashauri ya Kibiti, vikundi vya wavuvi na redio za jamii wana watu wa kuifanya. Kituo cha mwisho kiwe pale chuma cha Königsberg kilipozama, mahali ambapo kibao hakiwezi kusimama kwa kuwa tope linahama, na nahodha azime injini ili simulizi ya waliokokota mizinga isikike mpaka mwisho, maji yakiendelea kupwa.