Kabla ya kupanda mnara wa Kampala, pita Kikuubo

Anayekuja Kampala kununua mali ya jumla mara nyingi hujikuta na saa mbili tatu za bure. Asubuhi ameshamalizana na Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla: sukari imepimwa, makatoni ya sabuni na biskuti yamefungwa kamba, mzigo umekabidhiwa kwa watu wa basi, na basi lenyewe la kwenda Juba au Kigali haliondoki mpaka usiku. Akiinua macho anauona mnara wa Msikiti wa Taifa ukiwa umesimama peke yake juu ya kilima cha Old Kampala, upande wa magharibi, na kijana wa boda boda aliye karibu naye ameshatambua anakotazama. Basi linabaki swali: apande au aache?

Wenye kusema aache wana hoja. Kiingilio kinalipwa, na mgeni kutoka nje hutozwa zaidi ya mwenyeji. Ngazi ni zaidi ya mia tatu, zinazunguka na kuzunguka ndani ya mnara, na lifti hakuna. Aliyezoea jengo la KICC la Nairobi, ambako lifti inakubeba karibu na paa, hapa atategemea magoti yake. Na magoti hayadanganywi: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mwenye matatizo ya moyo au pumu, au mama mwenye mtoto mgongoni, hana sababu ya kujilazimisha. Ukumbi wa sala ulio chini unatosha kabisa kumridhisha, kwa zulia lake, nguzo zake na taa kubwa zilizoning'inia.

Tena hapo ni nyumba ya ibada kabla ya kuwa kivutio cha watalii. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia ukumbini. Wanawake huazimwa vitambaa vya kujistiri, na mwongozaji anakwenda nanyi. Adhuhuri ya Ijumaa si saa ya kwenda kupiga picha. Miezi ya mvua nyingi, yaani Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mawingu yanaweza kukufungia upeo wote ukaambulia ukungu.

Sasa tuwasikilize wanaosema apande.

Kampala ni mji wa vilima, na ukiwa mabondeni huuoni. Unaona ukuta wa duka, mgongo wa mtu aliye mbele yako na kipande cha mbingu. Kule juu vilima vinajipanga kimoja kimoja. Namirembe pana kanisa kuu la Waanglikana, la matofali mekundu, lililowekwa wakfu mwaka 1919. Lubaga pana kanisa kuu la Wakatoliki, lililowekwa wakfu mwaka 1925. Mengo ndiko liliko kasri la Kabaka wa Buganda. Upande wa pili ni Kibuli na msikiti wake, uliokamilika mwaka 1951 juu ya ardhi aliyoitoa Mwanamfalme Badru Kakungulu. Makerere ni chuo kikuu, Nakasero ni maghorofa na ofisi. Siku anga ikiwa safi, Ziwa Viktoria linaonekana kwa mbali.

Kinachoshtua zaidi ni jinsi vilima hivyo vilivyo karibu. Hapo hapo Old Kampala ndipo Kapteni Frederick Lugard, mtu wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alipopiga kambi Desemba 1890 na kujenga ngome. Tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipambana, Lugard akawaunga mkono Waprotestanti, na bunduki yake ya Maxim ikafyatuliwa kutoka kilimani hapo. Kabaka Mwanga alikimbia pamoja na Wakatoliki hadi kisiwani. Ukisoma habari hiyo kitabuni unaweza kudhani ni vita vya nchi mbili. Ukiwa mnarani unaona kwamba walikuwa majirani. Kutoka kilima hadi kilima jicho halihitaji darubini.

Mnara wenyewe nao una kisa chake. Ardhi ya kilimani walipewa Waislamu wa Uganda enzi ya Idi Amin, na mpango wa msikiti ukaanza mwaka 1972, mwaka uleule lilipoundwa Baraza Kuu la Waislamu. Ujenzi ukakwama, Amin akapinduliwa mwaka 1979, na kwa miaka mingi kilima kikabaki na jengo lisilokwisha. Fedha za kulimaliza zilitoka kwa Muammar Gaddafi wa Libya, aliyekuja kulifungua yeye mwenyewe mwaka 2008 akiwa na Rais Museveni. Likaitwa kwa jina la Gaddafi. Gaddafi aliuawa Oktoba 2011, na mwaka 2013 msikiti ukapewa jina la Msikiti wa Taifa wa Uganda, ingawa mpaka leo ukimwambia wa boda boda "Gaddafi" atakufikisha bila kuuliza zaidi.

Yote hayo ni mazuri, lakini kwa mfanyabiashara sababu kubwa iko chini ya mnara, bondeni. Vitabu vya watalii hushauri uanzie mnarani ili uujue mji, kisha ndipo ushuke. Nadhani wamepindua mambo. Asiyewahi kupita Kikuubo akitazama kutoka juu ataona mabati, maghorofa yaliyobanana, na katikati yake ufa mwembamba usio na maana. Aliyepita anaujua ufa ule. Humo ndani amesukumwa na mpagazi aliyebeba makatoni kichwani mpaka macho hayaonekani. Amesimama kwenye kaunta ambako muuzaji anabonyeza kikokotoo na kukigeuza ili mteja asome bei, kwa sababu mmoja anasema Kiganda, mwingine Kiswahili cha Kongo, wa tatu Kiarabu cha Juba. Mtu huyo akifika juu hutafuta duka lake, halafu stendi kongwe ya teksi, soko la Owino, uwanja wa Nakivubo, na njia uliyopita mzigo wake. Anaona kwa nini kilomita moja ilimla nusu saa.

Ataona na jambo jingine lenye faida ya pesa. Kikuubo iko bondeni, na maji ya vilima kadhaa alivyoonyeshwa na mwongozaji hutafuta njia kuelekea huko huko, kwenye mfereji wa Nakivubo unaoyapeleka ziwani. Mvua kubwa ikinyesha, bonde hufurika. Wenye stoo za chini ya ardhi hawahitaji mnara kuwaeleza hilo, lakini mgeni aliyeambiwa mali yake italala stoo ya chini kwa bei poa, kisha akatazama mteremko ule wote kwa macho yake, atauliza kama kuna nafasi ghorofani.

Wapo watakaosema mnara haukimbii, watapanda mwakani. Wakumbuke Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883. Vizazi vya Waswahili viliipita kila siku vikijua ipo, mpaka sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Hukumu yangu ni hii. Kama ni mara yako ya kwanza Kampala na una siku moja tu, achana na mnara. Nenda Kikuubo, ununue, upotee, uulize njia. Safari ya pili, siku isiyo Ijumaa, asubuhi kabla jua halijawa kali, panda. Vaa nguo ya heshima, acha mzigo kwa mtu unayemwamini, na chagua soksi zisizotoboka.