Alama ya njano ya FPL na paja la mwanao

Kijana wa miaka 16 aliingia kliniki Jumamosi moja asubuhi akichechemea, mama yake akimfuata na chupa ya mafuta ya kuchua mkononi. Alinipa shikamoo vizuri, akakaa, kisha macho yakarudi kwenye simu. Nilidhani ni mambo ya WhatsApp. Kumbe alikuwa anahangaika na kikosi chake cha Fantasy Premier League, ule mchezo wa mtandaoni ambao vijana wanauita FPL, na muda wa kubadilisha wachezaji ulikuwa unaisha mchana uleule.

"Dakika moja tu dokta, nina majeruhi wawili," aliniambia.

Nikamjibu kwamba kwa ninavyoona mimi, majeruhi ni watatu.

Kwa mzazi ambaye hajui mchezo huu, uko hivi. Mtoto anapewa pauni milioni 100 za kufikirika, ananunua wachezaji 15 wa Ligi Kuu England, kila wiki anapanga 11 na kuteua nahodha ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili. Mchezaji akifunga, akitoa pasi ya bao au akicheza dakika 60, pointi zinaingia. Akiumia, hakuna kitu. Ukitaka kumuuza na tayari umemaliza nafasi zako za kubadilisha bure, unakatwa pointi nne. Dunia nzima wanaocheza ni zaidi ya milioni 10, na msimu wa wengi wao huharibika kwa sababu ya msuli wa mtu ambaye hawajawahi kukutana naye. Mimi mwenyewe nina timu, na nafasi niliyopo siitaji hapa.

Turudi kwa kijana. Siku 12 kabla ya kuja kwangu, akiwa anaukimbiza mpira kwenye mechi ya mtaani, alihisi kama amepigwa jiwe nyuma ya paja la kulia. Alipumzika siku tano. Mama alimkanda kwa maji ya moto na kumchua kila usiku. Siku ya sita hakuwa na maumivu, anatembea vizuri, kocha wa mtaani akapita nyumbani kumuulizia. Akaingia uwanjani. Dakika ya 20 paja likashika tena, safari hii akaanguka na kushindwa kunyanyuka.

"Lakini daktari, alikuwa ameshapona," mama alisema, na aliamini hivyo.

Nilimwuliza kijana ni nani alimtoa kwenye kikosi chake mwezi uliopita. Akataja Bukayo Saka wa Arsenal, aliyeumia msuli wa nyuma ya paja Desemba 21, 2024 wakicheza na Crystal Palace. Atarudi lini? "Zaidi ya miezi miwili, Arteta kasema." Je, ungemrudisha baada ya siku tano? Akacheka. "Hapana dokta, ningepoteza pointi bure. Yule kafanyiwa upasuaji." Na wewe, nani alikupima kabla ya kurudi uwanjani? Hapo simu iliwekwa mezani.

Mazungumzo yale yalinifanya nione kwamba FPL inaweza kumsaidia daktari, na inaweza pia kumdanganya mgonjwa. Mchezaji mwenye jeraha huwekewa alama ya njano yenye asilimia 75, 50 au 25, na asiyetarajiwa kabisa huwekewa nyekundu. Watoto wengi, na wazazi wao pia, huisoma namba ile kama kiwango cha kupona, kwamba huyu amepona robo tatu, bado robo. Siyo. Namba ile inakisia kitu kimoja tu, uwezekano wa mchezaji kuonekana katika mechi inayofuata, kutokana na taarifa zinazotoka klabuni. Haisemi nyuzi za msuli zimeunga kiasi gani. Mchezaji anaweza kuwa na asilimia 75, akacheza, na akachanika upya kabla ya mapumziko.

Ndiyo maana huwa napata shida mzazi akiniuliza, "Daktari, amefikia asilimia ngapi?" Msuli hauna asilimia ninayoweza kuisoma mahali. Nina maswali tu ya kuuliza mguu. Je, unaweza kubeba uzito sawa na mwenzake? Unakunjuka sawa? Unakimbia kwa kasi ya mwisho bila kuvuta wala mwenye nao kusita?

Maumivu hutangulia kuondoka. Hilo ndilo linalowaponza wengi. Msuli uliochanika kidogo huacha kuuma ndani ya siku chache, lakini kovu linalounga nyuzi zake bado ni changa na nguvu haijarudi. Kutembea hakulijaribu kovu hilo. Mbio za ghafla ndizo hulijaribu, kwa sababu misuli ya nyuma ya paja ndiyo hufunga breki mguu unaporushwa mbele. Mchaniko mdogo kwa kawaida huhitaji wiki moja hadi tatu, wa kati wiki nne hadi nane, na mkubwa miezi mitatu au zaidi, wakati mwingine baada ya upasuaji. Kitabiri kikubwa cha kuumia paja ni kuwa uliwahi kuliumia.

Mfano ambao wachezaji wa FPL hawawezi kuusahau ni wa Kevin De Bruyne. Juni 10, 2023 alitoka kipindi cha kwanza katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Inter kwa tatizo la msuli wa nyuma ya paja. Agosti 11, mechi ya kwanza kabisa ya ligi, Manchester City ikiwa ugenini kwa Burnley, alitoka tena kabla ya dakika ya 25, tatizo likiwa la paja tena. Akafanyiwa upasuaji na kurejea Januari 2024. Klabu ile ina madaktari, mashine na wataalamu wa viungo wa kila aina, na bado msuli ulikataa. Sasa fikiria mwanao, ambaye mtaalamu wake wa viungo ni kocha anayesema "jaribu kuruka ruka hapo nikuone".

Kwa watoto kuna jambo la ziada. Mfupa wa kijana anayekua una sehemu laini karibu na ncha zake, na pale msuli unapojishikiza kwenye mfupa ndipo penye udhaifu kuliko msuli wenyewe. Kwa hiyo kinachoonekana kama msuli uliovutika kwa mtoto wa miaka 14 au 15 kinaweza kuwa kipande cha mfupa wa kalio kilichobanduka. Ndiyo sababu nilimpeleka kijana wangu X-ray. Mfupa ulikuwa salama, msuli ulikuwa umechanika kwa kiwango cha kati, na mkandamizo wa kila usiku pamoja na maji ya moto haukuwa umesaidia. Saa 48 hadi 72 za mwanzo jeraha huwa bado linavuja damu ndani. Joto na kuchua huongeza kuvuja huko. Kinachotakiwa ni kusimamisha mchezo, kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 mara kadhaa kwa siku, kufunga bandeji isiyobana sana, na kuinua mguu juu ya mto. Kama nyumbani hakuna friji, maji ya barafu ya mfukoni yanayouzwa dukani yanatosha kabisa. Simlaumu mama yule, hata mimi nilikandwa hivyo nikiwa mdogo.

Goti ni habari nyingine. Oktoba 17, 2020, Virgil van Dijk wa Liverpool aligongwa na kipa Jordan Pickford wa Everton, na ligamenti ya ndani ya goti, ile ambayo mashabiki wameizoea kwa herufi za ACL, ikaharibika. Waliokuwa naye kwenye vikosi vyao walimuuza wiki ileile. Hakucheza tena msimu ule. Alirudi kwenye mechi ya ligi Agosti 14, 2021 dhidi ya Norwich, karibu miezi 10 baadaye, na msimu huo akacheza takribani mechi zote. Nataja miezi kwa makusudi. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi unaoongeza kusubiri, hadi kufikia miezi tisa baada ya upasuaji wa ligamenti hiyo, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Kwa vijana wanaorudi uwanjani, karibu mmoja kati ya wanne huumia ligamenti tena, goti lilelile au la pili. Mzazi anayeniambia "miezi sita inatosha, kuna mashindano ya shule" ananiomba kitu ambacho siwezi kumpa.

Na wenye mabinti wanaocheza soka wasipite hapa haraka. Wasichana huumia ligamenti hii mara mbili au tatu zaidi ya wavulana. England ilikwenda Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2023 bila Leah Williamson na Beth Mead, wote wawili kwa jeraha hilo. Mazoezi ya kupasha mwili yanayofundisha kutua vizuri baada ya kuruka na kugeuka huku goti likiwa juu ya kidole cha mguu hupunguza hatari hiyo. Hayahitaji vifaa, yanahitaji dakika 20 na mwalimu asiyeyaona kama kupoteza muda.

Kichwa hakina nafasi ya kubahatisha. Ligi Kuu England iliruhusu mabadiliko ya ziada kwa mchezaji aliyegongwa kichwa kuanzia Februari 2021, kwa sababu kumwacha uwanjani ni hatari. Mtoto aliyegongana kichwa akaonekana kuchanganyikiwa, kutapika, kuumwa kichwa au kusahau matokeo ya mechi, atoke na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo isiyo ya kulipwa unasema asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21. Akipoteza fahamu, akitapika mara kwa mara, akipata degedege au usingizi usio wa kawaida, ni hospitali mara moja.

Mengine ya kumkimbiza hospitali siku hiyohiyo ni goti lililolia "tap" na kuvimba ndani ya saa chache, mguu usioweza kukanyaga hata hatua nne, kiungo kilichobadilika umbo, ganzi, au goti lililokwama lisinyooke.

Kuna moja lisilo la dharura ya siku hiyo lakini linanisumbua kuliko yote. Mtoto anasema aligongwa goti mazoezini, wiki zinapita, na maumivu yanamwamsha usiku au uvimbe unakua hata bila kucheza. Huyo asichuliwe wala asipewe dawa za maumivu mwezi mzima. Apigwe X-ray. Saratani ya mfupa ni nadra, lakini hupenda umri huu na hupenda kuzunguka goti, na familia nyingi huchelewa kwa sababu kila mtu anakumbuka ile mechi. Vivyo hivyo, mtoto mwenye selimundu akilalamika maumivu ya miguu baada ya michezo, kwanza fikirieni selimundu.

Na tafadhali, sindano ya diklofenaki nusu saa kabla ya fainali ya mtaa si matibabu. Inazima kengele, jeraha liko palepale.

Kijana wangu alianza mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia wiki ya kwanza, taratibu, kwanza kukaza msuli akiwa amelala, baadaye kuinua kiuno kwa mguu mmoja, kisha kukimbia polepole. Tulikubaliana kwamba tarehe haitamrudisha uwanjani, vipimo ndivyo vitakavyomrudisha. Wiki ya nne alikuja akiwa na hasira kwa sababu haumwi popote na timu yake ya mtaa imefungwa. Tulimpima: mguu wa kulia uliinua kiuno mara 14, wa kushoto mara 25. Alizihesabu mwenyewe kwa sauti, akafika 14 akanyamaza.

Wiki ya nane miguu ilikuwa sawa, na alikuwa amekimbia kwa kasi ya mwisho katika mazoezi matatu bila kushika paja. Nilimruhusu kuanza na dakika 20 za mwisho za mechi. Saka alirejea Aprili 1, 2025 dhidi ya Fulham, akaingia kutoka benchi na kufunga. Kijana alinitumia ujumbe usiku ule. Hakuwa amemrudisha kwenye kikosi chake bado, alisema anasubiri kwanza amwone akicheza dakika 60.