Bei ya Jina: Namna Majina ya Intaneti Yanavyouzwa na Kunadiwa

Mnada si jambo geni kwetu. Aliyewahi kwenda mnadani kununua ng'ombe anajua kwamba kabla ya kutaja bei, mnunuzi humtazama mnyama meno na kumkadiria uzito. Katika makala haya tutazungumzia mnada wa kitu kisicho na meno wala uzito, ambacho hata hivyo kimewahi kuuzwa kwa mamilioni ya dola. Kitu hicho ni jina la kikoa, yaani anwani ya intaneti iishiayo kwa herufi kama .com, .org au .tz. Tutaeleza bei yake hutoka wapi, mnada wake huendeshwaje, na kwa nini chama cha ushirika, shule au mfanyabiashara mwenye tovuti yampasa ayajue mambo haya kabla ya kupata hasara.

Chanzo cha majina haya

Kompyuta hutambuana kwa tarakimu, lakini binadamu hukumbuka maneno kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Paul Mockapetris, alibuni utaratibu wa kuyalinganisha majina na tarakimu hizo. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, liliandikishwa tarehe 15 Machi 1985. Miaka ile kuandikisha jina kulikuwa bure. Mwaka 1995 kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na dhamana ya daftari hilo, ilianza kutoza dola 100 kwa miaka miwili. Shirika la ICANN liliundwa mwaka 1998 ili kuusimamia mfumo mzima. Wasajili wakaongezeka, wakashindana, na ada ikapungua. Mwaka 2024 kiasi ambacho msajili humlipa mtunza daftari kuu la .com kwa kila jina kiliwekwa kuwa dola 10.26 kwa mwaka.

Yafaa ieleweke kwamba anayeandikisha jina halinunui milele. Hali yake ni kama ya mpangaji: akilipa ada kwa wakati hubaki nalo, na asipolipa humtoka.

Ada ndogo, bei kubwa

Ikiwa ada ni kiasi cha dola 10, kwa nini jina business.com liliuzwa kwa dola 150,000 mwaka 1997, na tena kwa dola milioni 7.5 mwaka 1999? Kwa nini voice.com iliuzwa kwa dola milioni 30 mwaka 2019? Jawabu ni kwamba bei ya jina haitokani na gharama ya kulitengeneza. Hutokana na upekee wake na faida anayoitarajia mnunuzi. Kila jina ni moja tu duniani. Likiwa fupi, likitamkika, likiandikika bila kukosewa, na likiwa ni neno ambalo wateja wanalitafuta, huwa kama kiwanja kilichoko kwenye njia panda.

Hata hivyo, majina ya namna hiyo ni machache. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mfanyabiashara anayo majina 100, na kila moja linamgharimu dola 10 kwa mwaka. Jumla ni dola 1,000. Ikiwa kwa mwaka mzima anauza jina moja tu, basi jina hilo halina budi kuuzwa kwa dola 1,000 ili fedha yake irudi, bila faida yoyote. Hii ndiyo sababu bei inayotajwa huonekana kama haina kadiri: jina moja linalouzwa huyalipia yale 99 yaliyolala. Tena, kwa kuwa kulitunza jina moja hugharimu kidogo, muuzaji anaweza kungoja miaka. Mnunuzi mwenye haraka ndiye anayeumia.

Muuzaji anayo njia tatu: kutaja bei moja na kuishikilia, kupatana na mnunuzi, au kunadi. Mnada humfaa pale wanapokuwapo wanunuzi wawili au zaidi wanaolitaka jina kwa kiwango kinachokaribiana. Akiwapo mmoja tu, mnada humdhuru muuzaji, maana hapana wa kumsukuma mnunuzi huyo juu. Kwa hiyo wauzaji wengi huweka bei ya chini ya siri, ambayo dau lisipoifikia jina haliuzwi.

Kanuni ya dau la pili

Katika minada ya intaneti, mnunuzi aghalabu huandika kikomo chake kwa siri, na kompyuta humpandishia dau kidogo kidogo kadiri washindani wake wanavyopanda. Mathalani, Asha ameweka kikomo cha dola 300 na Juma dola 500, na hatua ya kupanda ni dola 10. Juma atashinda kwa dola 310. Hata angaliandika dola 5,000, angalilipa zile zile 310. Kikomo cha mshindi huamua kama atashinda; anacholipa huamuliwa na mshindani wa pili.

Mchumi William Vickrey alilichunguza jambo hili katika makala aliyoitoa mwaka 1961, na mwaka 1996 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na James Mirrlees. Alionyesha kwamba chini ya kanuni hii ni heri mnunuzi aandike thamani halisi anayoiona yeye. Akiandika pungufu, huenda akalikosa jina ambalo angalifurahi kulilipia. Akizidisha, huenda akalipa kuliko faida atakayoipata.

Wapo wanaongoja dakika ya mwisho ili mshindani asipate nafasi ya kujibu. Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti walioutoa mwaka 2002, walionyesha kwamba hila hii hutumika zaidi penye saa maalumu ya kufunga, na hupungua pale ambapo kila dau jipya huongeza muda. Minada mingi ya majina hufuata taratibu hii ya kuongeza dakika.

Lipo na tatizo jingine, liitwalo laana ya mshindi. Wahandisi watatu wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walilieleza mwaka 1971 kuhusu minada ya maeneo ya mafuta. Watu kumi wakikadiria thamani ya kitu kimoja, huenda wastani wao ukawa sahihi. Lakini anayeshinda ni yule aliyekadiria juu kuliko wote, na mara nyingi ndiye aliyekosea zaidi. Anayenunua jina ili aliuze tena hana budi kupunguza makadirio yake kwa sababu hiyo.

Funzo kutoka kwetu

Mwandishi wa makala haya ni mwanachama wa chama kimoja kidogo cha wataalamu. Ilani za kulipa ada zilipelekwa kwa katibu aliyekwisha kustaafu, na hapana aliyezisoma. Kwa jina la .com muda wa neema baada ya kwisha kwa ada waweza kufika siku 45; hufuata siku 30 za kulikomboa kwa malipo ya ziada, kisha siku 5 kabla ya kufutwa. Siku zote hizo zikapita. Jina lilipofutwa, kampuni moja ya nje ikalidaka papo hapo na kulinadi.

Wanunuzi walikuwa watatu, nao hutambulishwa kwa namba tu. Mmoja aliachia kwenye dola 120. Wawili waliobaki walishindana hadi jina likauzwa kwa dola 610. Katika kikao kilichofuata, mwenzetu mmoja alitangaza kwa furaha kwamba ameliokoa jina la chama. Mwingine akaomba radhi: naye alijaribu, akashindwa na mtu asiyemjua aliyekuwa hachoki. Tukatazamana. Laiti wangalishauriana, tungalilipa dola 130. Na laiti tungalilipa ada kwa wakati, isingalifika 20.

Tangu mwaka 1999 upo utaratibu wa kimataifa wa kumrudishia jina mwenye alama ya biashara iliyochukuliwa kwa nia mbaya, lakini haumsaidii aliyesahau tu kulipa.

Basi kila chama na kila taasisi ifanye mambo matatu. Kwanza, jina liandikishwe kwa miaka kadhaa, na ilani zipelekwe kwenye anwani ya ofisi, si ya mtu. Pili, ikibidi kuingia mnadani, ateuliwe mtu mmoja tu. Tatu, kikomo kiamuliwe kikaoni na kuandikwa kabla mnada haujaanza, maana ushindani ukishapamba moto akili hutanguliwa na mkono.